Maji ya Mwezi Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kazija Silima Duni
Umri: Miaka 54
Dini: Muislamu
Elimu: Skuli, hadi darasa la nane
Kazi: Mkulima, pia mpishi wa shughuli
Makaazi: Wawi, Pemba
Tarehe na saa: 5 Aprili 2025, saa 3:20 asubuhi
Mpokea maelezo: Koplo Modester

Shahidi ameelezwa kuwa anatakiwa kusema kweli tupu na kwamba maelezo haya yanaweza kutumika mahakamani. Ameomba kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Amekubaliwa.

Afande Modester, habari za asubuhi, na hicho kifua ulichokuwa ukikohoa juzi kimepoa? Mie sijambo kwa uwezo wa Mungu, ila miguu imechubuka na usingizi umekuwa wa shida. Umenambia niandike kama ninavyosema, basi naandika kama ninavyosema, na pakirefuka unisamehe.

Nakaa Wawi, nyumba ya uani kwa ndugu yangu Nassor Silima, baba mmoja mama mmoja, tangu mume wangu alipofariki. Nassor ndiye mwenye biashara ya matembezi inayozungumzwa hapa. Asubuhi watu wanaendesha pikipiki za magurudumu manne kutoka Mtambile kupita mashamba ya mikarafuu, kisha wanashuka upande wa Kengeja wanapanda boti ya mpira, na maji yanapokupwa yanawachukua mpaka mdomoni mwa bahari. Sisi tunauita mto, lakini si mto wa mvua. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya mikoko. Maji yakiwamo boti inakwenda mbio hata unasahau umri wako. Yakitoka linabaki tope.

Kabla ya siku yenyewe lazima nieleze habari ya mwezi, maana bila hiyo mengine hayatafahamika. Kwetu saa ya maji tunaihesabu kwa tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Marehemu baba alitufundisha sote wawili, mimi na Nassor. Kila mwezi ukizidi siku moja, maji nayo yanachelewa saa nzima kasoro kidogo. Ukikosea mwezi umekosea maji. Sasa Nassor huu mwaka wa pili anafuata mwezi unaotangazwa nchi za nje. Mie nafuata unaoandama hapa kwetu. Hatugombani. Jumapili tarehe 30 Machi yeye na watoto wake walikula Idi, na biriani niliwapikia mie, nami nimefunga. Nilionja chumvi kwa ncha ya ulimi nikatema. Jumatatu mimi nikala Idi yangu, naye akaja kunipa mkono akasema, "Karibu, dada, umefika." Tukacheka. Hivyo ndivyo tunavyoishi, na sijaona kwamba Mungu amekasirika na mmoja wetu.

Mnamo tarehe 2 Aprili 2025, siku ya Jumatano, ilikuwa skukuu tatu, mwezi tatu. Kwa hesabu ya Nassor ilikuwa nne. Alinambia tangu jana yake, "Dada, kesho panda na wewe. Akipanda Bi Kazija, nani tena ataogopa?" Wageni walikuwa jirani zetu wa Wawi, Mwalimu Danford na mkewe Epifania, wenyeji wa Bara, watu wazuri, wananiletea magimbi. Epifania alisema hapandi bila mwanamke mwenziwe. Nikakubali.

Saa 1:30 asubuhi tuliondoka Wawi kwa gari ya Nassor. Kwenye saa 2 tulikuwa Mtambile, na Talib Masoud akatupa pikipiki. Talib ndiye muongozaji, umri wake kama thalathini na tano, mtoto wa Kengeja, mjuzi wa mto ule. Mie nilikaa nyuma ya Epifania, buibui nimelikunja mapajani, nikisoma kila dua niijuayo. Kwenye mteremko Epifania akanambia, "Bi Kazija, hiyo kelele ni ya kuomba au ya kufurahi?" Nikamwambia zote mbili. Nasema haya ili mjue kwamba mpaka hapo tulikuwa na furaha.

Saa 3:40 tulifika mtoni. Nassor alikuwa ametangulia na gari. Alitukatia madafu kwa panga la boti, halafu panga akalitia garini. Simu zetu zote akazikusanya, ya Talib pia, akaziweka garini zisirowe, kwamba atatupa kule mdomoni atakapotupokea. Kama mmeambiwa Talib alitukawisha kwa picha, picha zilipigwa, ni kweli, lakini aliyezipiga ni Nassor. Talib alikuwa kasimama ukingoni anatazama maji.

Mie nilikuwa karibu nao, naosha mikono, na maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Talib alisema, "Bosi, maji yamekwenda mno. Leo tusiwatie watu mtoni, tuwarejeshe kwa barabara."

Nassor akasema, "Leo mwezi nne, Talib. Maji yapo mpaka saa tano na ushei."

"Mwezi tatu, bosi. Tazama mizizi ile ishatoka."

Nassor akacheka. "Wewe Idi yenyewe ulichelewa, leo ndo unajitia una haraka?"

Danford akacheka, ingawa sidhani alifahamu. Na mimi nilicheka, afande. Talib hakucheka. Alisema, "Haya, boti ni yako," akashika kafi. Nassor akatusukuma kwa mkono wake, ilikuwa saa 4 imepita kidogo, akapanda gari akaenda zake mdomoni.

Mwanzo mkondo ulituchukua vizuri. Epifania alikuwa akipiga kelele za raha. Lakini kila kona mto ulikuwa unapungua upana, na kafi la Talib likaanza kutoka na tope. Kwenye saa 5 kasorobo boti ilikaa chini. Talib akasukuma kwa kafi, ikasogea kidogo, ikakaa tena. Alisema, "Kaeni kama mlivyo, mtu asishuke." Danford ni mtu wa msaada, hawezi kumuona mwenzake anahangaika. Akashuka upande wa mikoko. Akazama mpaka mapajani, mguu wa kulia ukaingia katikati ya mizizi chini ya tope, akaanguka ubavu. Tulisikia mlio. Hakupiga kelele, alisema tu, "Epi, mguu."

Talib alishuka, akalala kifudifudi juu ya tope, akaingiza mikono mpaka mabegani. Mzizi ulikuwa umepita juu ya kifundo, na kifundo kimeshavimba. Alijaribu kwa mikono, akajaribu kwa kafi mpaka kafi likavunjika. Mikono yake ilikatwa na chaza walioota kwenye mizizi, damu na tope vikawa kitu kimoja. Mie nilishuka kumsaidia nikanasa magotini, ikabidi amwache Danford anivute mimi kwanza. Mguu haukutoka.

Hapo ndipo alipoondoka. Najua kwamba hili ndilo alilowekewa ndani, kwamba aliwatelekeza wageni. Nitaeleza lilivyokuwa.

Ilikuwa kama saa 5:30. Talib alivua jaketi lake la kuelea akamfunga Danford juu ya lile alilokuwa nalo. Alifunga kamba ya boti kwenye mkoko. Akanivuta pembeni kadiri tope lilivyoturuhusu, akasema kwa sauti ndogo, "Bi Kazija, maji yanamaliza kukupwa saa sita na nusu hivi, kisha yanarudi. Hapa yatafika baada ya saa nane. Bila panga huyu hatoki. Nende nisende?"

Epifania alikuwa amesikia neno kwenda. Akamshika shati. "Usituache, kaka, nakuomba, usituache." Alikuwa akilia. Talib hakumtoa mkono. Alinitazama mimi, maana mie ndiye mkubwa.

Nilisema, "Nenda."

Epifania aliniona mbaya saa ile, na mpaka leo sijui kama amenisamehe. Bila shaka ameandika kwamba Talib alikimbia, na mie simlaumu, ndivyo alivyoona. Lakini aliyempeleka ni mimi.

Saa zilizofuata siwezi kuzieleza vizuri. Jua lilikuwa juu, mbu walikuwa chini. Kila upande mikoko, huoni hata paa la nyumba. Tuliita mpaka sauti zikakauka, wala hakuna aliyeitika, kwa sababu watu wa vijiji vyote walikuwa viwanja vya skukuu. Tulisikia ngoma yao kwa mbali. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kimya, kuwasikia watu wanacheza na wewe huwezi kutoka hatua mbili.

Danford alijikaza. Alinambia, "Bi Kazija, sasa na mimi nimekuwa mkoko." Nikamwambia mkoko hauna mke mzuri hivi. Alicheka, mkewe naye akacheka. Adhuhuri nilitawadha kwa maji ya kidimbwi nikaswali nimekaa ndani ya boti. Epifania alisali rozari yake kando yangu. Hatukugombania nafasi.

Maji yalirudi kimya. Kwanza niliona kaa wanapanda mizizi. Halafu boti ikatikisika chini yetu, na kwa kawaida mtu hufurahi boti ikielea. Epifania alishuka akamshika mumewe kichwa. Maji yalimfika Danford kiunoni, yakamfika tumboni. Hakutania tena. Aliniuliza, "Yanaishia wapi?" Mie naijua alama ya maji ya bamvua, yanapojaa sana, kwenye mikoko, na ile alama ilikuwa juu ya kichwa chake, naiona. Nilimwambia, "Hapo hapo, mwanangu. Talib anakuja." Mungu anisamehe neno la kwanza.

Saa 9 na kitu, maji yakiwa kifuani, tulisikia watu. Talib alikuja na wanaume watatu na mapanga mawili, wote wamevaa nguo za skukuu. Alikuwa amepita topeni mpaka nchi kavu, akakimbia kijiji cha kwanza akakuta watoto tu, akakimbia mpaka kiwanjani. Miguu yake ilikuwa haina ngozi. Alizama yeye mwenyewe na panga, akatoka akavuta pumzi, akazama tena, mpaka mzizi ukakatika. Danford alitolewa yuko hai. Hospitali wanasema mguu haujulikani kama utapona.

Wanaume wale walituvuta na boti mpaka mdomoni, na Nassor tulimkuta huko. Alikuwa bado anangoja. Kwa hesabu yake tulikuwa tumekwama tu mahali, na maji yakirudi boti ingeelea tukaja. Alipoona mguu alikaa chini mchangani akashika kichwa, na machozi yake niliyaona. Sitaki mtu aseme ndugu yangu hana moyo.

Siku ya Alhamisi baada ya Alasiri Nassor alikuja uani kwangu. Alikaa kwenye kibao changu cha mbuzi ya kukunia nazi kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo. Alisema, "Dada, sikwambii useme uongo. Mungu hapendi. Pale kwenye habari ya mwezi upite tu. Wakikuuliza mlishuka saa ngapi, sema saa nne. Hawatauliza zaidi."

Nikamuuliza, "Na Talib?"

Akasema, "Talib atatoka. Mimi nikiingia, hii nyumba nani ataishika? Na wewe umo ndani yake." Hakusema kwa kutisha, afande. Alisema kama mtu anayehesabu. Hilo ndilo lililonifunga. Nimekaa siku mbili kwenye ua wa ndugu yangu, nakula chakula cha ndugu yangu, watoto wake wananiita shangazi, na kila nikiinua mikono kuomba dua, neno "mwezi tatu" linakuja mbele ya dua. Uani pana mlango mmoja, na huo unapita sebuleni kwake.

Aliyesema tushuke ni Nassor. Aliyesema tusishuke ni Talib. Aliyemwambia Talib aende kutafuta watu ni mimi. Nassor hakukusudia ubaya. Alihesabu kama baba alivyotufundisha, ila alianzia kwenye mwezi wa watu wa mbali, na maji ya Kengeja hayaujui. Lakini aliambiwa, na aliyemwambia ndiye mliyemfungia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sikuongeza na sikupita popote. Nassor ndiye aliyenileta hapa asubuhi hii. Yuko nje garini, ananingoja.

Nakuomba, afande, unijibu mapema habari ya Talib, leo ikiwezekana. Mkewe Rahma anakuja kila siku kusimama nje kwetu, haingii, haulizi, anasimama tu, na mie sina la kumwambia.

Sahihi: Kazija S. Duni

UTHIBITISHO WA MPOKEA MAELEZO

Nathibitisha kuwa shahidi ameandika maelezo haya kwa hiari yake mbele yangu, nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Amemaliza saa 6:05 mchana. Nilimshauri asubiri gari ya polisi imrudishe Wawi au apelekwe kwa jamaa mwingine. Amekataa. Amesema atarudi na nduguye na atamwambia mwenyewe njiani aliyoyaandika, asije akayasikia kwa mtu. Nimemsindikiza hadi garini. Alipanda kiti cha mbele. Gari ilikaa pale pale, haikuwashwa, kwa muda mrefu.

Koplo Modester
5/4/2025