Maoni Uliyoyaomba Kuhusu Masomo Yako ya Kiingereza

Mpendwa Mwalimu,

Naanza na "mpendwa" kwa sababu ndivyo ulivyotufundisha kuanza barua, si kwa sababu nyingine.

Ombi lako limenifikia. Uko ng'ambo, chuo kikuu, na unataka sisi tuliokuwa wanafunzi wako katika chuo cha ualimu hapa Meru tukueleze tulivyoyaona masomo yako ya Kiingereza, yale ya kujadiliana. Kumbe bado unaomba watu maoni! Huna soni? Basi pokea yangu, na nitawasomea wenzangu wote kabla sijayatuma. Mwenzetu Njeru ametoka kizuizini, chuo kimekataa kumrudisha amalize ualimu wake, na neno linaloweza kumrudisha liko kwako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifurahi? Walimu wengine walitukaririsha kama kasuku. Wewe ulitukalisha duara, ukaleta fimbo ya babu yako, ukatuambia kwamba kwenu aliyeshika fimbo barazani hakatizwi, na akishaketi hakuna wa kumwandama kwa maneno aliyoyasema. Tulibishana kwa Kiingereza chetu cha kuchechemea mpaka kengele ikawa inatukera. Njeru, mtoto wa Embu, alitushinda sote, na wewe ulimpenda. Usikatae.

Mwisho wa muhula ukafika, na mkuu wa chuo, yule Mzungu, akaja akakaa nyuma. Ukasema, "Leo semeni kwa Kiswahili, mtu asifungwe mdomo. Hii masomo yangu mnaionaje? Msiogope."

Msiogope! Katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, mtu akiulizwa maoni hutazama kwanza nani amesimama mlangoni. Fimbo ikazunguka. "Ni nzuri, mwalimu." "Ni nzuri sana, mwalimu." Hata mimi. Ikamfikia Njeru.

"Mwalimu, masomo ni mzuri. Lakini sisi tunajadili kama mbwa ni mzuri kushinda paka. Mama yangu huko Embu anachimba handaki, akichoka askari homugadi anamchapa. Hiyo mbona hatujadili?"

Hukumkatiza. Nilikuona ukiitikia kwa kichwa.

Asubuhi yake gari la polisi lilikuwa uwanjani, nasi tumepangwa mstari. Mkuu akakuuliza mbele yetu kama ni wewe uliyetaka wanafunzi waseme mambo ya mahandaki. Ukamruka Njeru kimanga. "Mimi sikuuliza kitu kama hiyo, bwana. Huyu alijisemea tu." Njeru alikuwa amesimama karibu nawe, wala hakukubishia, maana heshima ya mwalimu kwetu unaijua. Wakampakia garini. Nina hasira nawe tangu siku hiyo, Mwalimu, hasira ya kuninyima usingizi, na sioni sababu ya kuificha. Uliogopa, najua. Sote tuliogopa. Lakini sisi hatukuwa tumemwomba mtu aseme, halafu tukamtupia mzigo peke yake.

Sasa yuko kwa mama yake. Niliomba pasi ya kusafiri nikaenda kuwaona. Mama alinipa kigoda, akaninong'oneza, "Huyu kijana yangu siku hizi hawezi sema kitu ni mbaya. Ngoja utaona." Akampakulia githeri ya mahindi na maharage, isiyo na chumvi, iliyoungua. Njeru akaila yote. "Iko aje?" mama akamuuliza. Akatazama mlango kwanza, kisha akajibu, "Ni nzuri, mama. Ni nzuri sana." Mama akageukia ukutani akalia, naye Njeru akabaki ameshika sahani tupu, akitabasamu.

Sikutakii mabaya huko kwenye baridi. Kula, soma, upate shahada yako. Lakini kabla hujaandika hata mstari mmoja kuhusu kujadiliana, mwandikie mkuu wa chuo umwambie kwamba uliuliza wewe, na Njeru alikujibu tu. Ikikushinda, rudi nyumbani umpakulie Njeru chakula kibovu kwa mkono wako mwenyewe, kisha umwombe maoni.

Ni mimi,
mwanafunzi wako