Umeme Umepita Kwenye Karanga Zetu

Mama Debora, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa barazani, mchana kweupe, katikati ya msimu wa palizi, na mikono yangu haina kazi. Ungenikuta hivi ungeniuliza kama naumwa.

Siumwi. Shamba letu hapa Mlali limesafishwa. Si kwa jembe, wala si kwa ile dawa uliyoikataa. Limesafishwa kwa umeme. Najua hapo ungecheka ukasema nimeanza kuzeeka vibaya. Ngoja nikusimulie taratibu, maana hukupenda habari inayorukwarukwa.

Unakumbuka mkutano wa kikundi chetu cha wakulima wa karanga, ule wa mwisho kwako? Mwenyekiti wetu, Mzee Mathayo, alisema palizi inatumaliza, afadhali tupulizie dawa ya kuua magugu kama wanavyofanya wengine. Ulikuwa umekaa nyuma na akina mama. Ukasimama hata kabla hajakupa nafasi.

"Mwenyekiti, tukipulizia, karanga zetu si za kilimo hai tena. Tutarudi kuanza upya. Halafu mlenda wangu nitauchuma wapi?"

Watu walicheka. Lakini mikono iliponyooshwa, dawa ikashindwa. Njiani nilikulalamikia kwamba umetutafutia kazi. Ukanijibu bila kugeuka: "Kazi tunaijua, Baba Debora. Sumu hatuijui."

Na kazi kweli tuliijua. Karanga zikishatoa maua na kuanza kuzama ardhini, jembe halifai, ni kung'oa kwa mkono, gugu moja baada ya jingine, mgongo umeinama. Wewe ulishika mstari wako, mimi wangu, na siku zote ulinitangulia kidogo. Nyumbani hatukuwa watu wa maongezi. Kulikuwa na wageni, moshi, mbuzi wa kufungia. Mambo yetu makubwa tuliyasemea shambani. Ndiko tulikoamua Debora asome hadi pale atakapochoka mwenyewe. Na ndiko ulikonitajia yule mdogo tuliyemzika kabla hajapata meno. Msibani hukusema neno. Mvua zilipokuja ukasema, umeinama vilevile, "Sasa hivi angekuwa anakimbiakimbia hapa." Nikasema, "Ndiyo." Tukaendelea kung'oa. Sijui kama wengine wangeyaita hayo mazungumzo. Mimi yalinitosha.

Moyo wako ulipogoma, tukakurudisha nyumbani kutoka hospitalini umefunikwa, nilidhani kilio ndicho kigumu. Kumbe kigumu kilikuwa mvua zilizofuata. Nilipanda kama kawaida, nikashika mstari wangu, na kila nilipoinua kichwa ule wa kwako ulikuwa umesimama vilevile na magugu yake. Mchicha pori ulipanda hadi kifuani. Karanga zikapotea chini yake.

Mzee Mathayo akaja kunitazama. Hakuja kwa ubaya. "Mwenzio amepumzika," akasema. "Wewe peke yako utaweza? Kikundi kinakuangalia wewe. Ukishindwa, tutakaa tena kuzungumza habari ya dawa."

Nilimwambia Debora kwa simu, na yeye, kama unavyomjua, hakunipa pole. Alisema kule mjini Dodoma kuna wataalamu wanaojaribu mashine ya kuua magugu kwa umeme, na wanatafuta shamba lisilo na tone la dawa.

"Lenye magugu?" nikamuuliza.

"Mengi, baba."

"Basi waambie wameshafika."

Walikuja na trekta, Debora akiwa nao. Nyuma limebeba jenereta, mbele limelaza vyuma virefu juu ya usawa wa karanga. Fundi alikuwa binti wa umri wa Debora. Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akanifukuza shambani kwangu mwenyewe. "Rudi nyuma, mzee. Zaidi. Vyuma hivi havina msamaha."

Trekta likaondoka polepole. Mchicha pori ulipoguswa na chuma ulilia kama mafuta yanayodondokewa na maji, mvuke ukatoka kwenye shina, na harufu ikaja ya mboga iliyoachwa jikoni ikaungua. Debora alinieleza kwamba umeme unashuka hadi mizizini. Karanga ziko chini, chuma hakizifikii. Niliona magugu yaliyonishinda yananyong'onyea, mstari hadi mstari, na badala ya kufurahi nikataka kukaa chini.

Lilipokaribia ile kona yako ya shamba, nikapunga mikono. Fundi akazima.

"Hapo usipite, mwanangu."

"Kuna nini, mzee?"

"Mboga."

Akamtazama Debora. Debora akasema, "Mlenda wa mama." Yule binti akawasha tena. Aligeuza trekta.

Nisikudanganye, haikumaliza yote. Magugu mafupi yamebaki chini ya karanga, na ndago zimeanza kuchipua tena, zile hazina adabu. Watarudi kupita mara nyingine. Lakini karanga zinaonekana. Wanakikundi walikuja kutazama, wakakaa palepale pembeni, na habari ya dawa ikafa bila hata kupigiwa kura. Mzee Mathayo alinishika bega. "Mama Debora ametushinda tena," akasema. Niligeuka nikuambie. Nilishageuka kabisa, mke wangu, mdomo uko wazi.

Tangu hapo nina mchana mzima usio na kazi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukitamani kwenda Chemba kumwona mama yako wakati wa mvua, wakati maboga yanapokuwa mabichi na kijiji chenu kimejaa kijani. Kila mwaka tulisema palizi kwanza. Tukawa tunakwenda kiangazi, vumbi tupu.

Wiki iliyopita nimekwenda. Mama yako alikuwa uani anachambua majani ya maboga. Hakuamini macho yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mvua hizi? Palizi umemwachia nani?"

"Imekwisha, mama. Imepita mashine ya umeme."

Mikono yake ikatulia juu ya majani. "Kumbe siku hizi mnaweza kuja wakati wa mvua," akasema. Kisha akanyoosha shingo, akaangalia nyuma yangu, njiani, kama mtu anayemsubiri aliyechelewa na mizigo.

Nami nikageuka kutazama.

Pumzika, Mama Debora. Huku bado tunakuita.

Mumeo,
Baba Debora