Etelka Bodor na Alama Mbili Uwanjani

Umetimia mwaka mmoja, Mama, tangu asubuhi ile ya Juni ulipoegemeza ufagio ukutani, ukasema unapumzika kidogo, na hukuamka tena. Ufagio ulibaki palepale. Baba Dezső hakutaka mtu auguse, nasi tulikuwa tunaupita kwa adabu kama tunampita mgeni.

Kisnádas nzima, mji wetu mdogo kando ya ziwa, ilikujua kwa mashindano ya tenisi ya wanawake. Yalipoanza mwaka 1992 hapakuwa na hoteli ya maana kando ya ziwa, kwa hiyo mabinti wa nchi kumi na moja walilala majumbani mwetu. Wewe ulichukua wanne. Uliwafulia soksi zilizojaa udongo mwekundu, ukawalisha supu baridi ya cheri, na bingwa ukampa chupa ya jamu ya aprikoti. Aliila kwa kijiko kabla hata hajapokea kombe. Basi ikawa desturi: miaka kumi na minne, chupa kumi na nne.

Viwanja ulivitunza mwenyewe, na kwa viwanja hukuwa na mzaha. Waandishi wa habari waliokuja na viatu vya kisigino walikukoma. "Vua, mwanangu," ulikuwa ukiwaambia. "Hapa si sokoni."

Halafu ikaja fainali ya 2005. Hajnalka Tímár, binti wa mtaani kwetu, alikuwa anacheza. Mawingu yalikuwa yametanda, ukaamua uwanja usifagiwe kufuta alama za mipira kabla ya seti ya tatu ili mchezo uiwahi mvua. Wewe ndiye uliyesimama mwamuzi wa mstari. Ukasema mpira wa mwisho wa Hajnalka uko nje. Akabisha. Mwamuzi mkuu akashuka kwenye kiti kirefu aione alama ya mpira kwenye udongo, na kidole chako kikaonyesha alama ya zamani, ya seti iliyopita; naye akathibitisha uko nje, Hajnalka akashindwa. Uligundua kosa wachezaji wakiwa wameshapeana mikono. Ukanyamaza; ulituambia sisi wa nyumbani tu.

Miezi michache baadaye mfadhili alijitoa, na haki ya kuandaa mashindano ikauzwa kwa jiji la mbali. Watu wakasema, angeshinda Hajnalka, yasingeondoka. Maneno hayo uliyameza miaka kumi na minane. Kila Juni, wiki ileile, uliufagia uwanja mkuu na kuchora mistari, ingawa hakuna aliyekuja kucheza.

"Etelka, iache hiyo alama," Baba alikuwa akikuambia. "Uwanja wenyewe umeshasahau."

"Uwanja haukunyoosha kidole, Dezső."

Jumapili iliyopita tulipika chakula cha kukukumbuka, na Hajnalka akaja. Ana mvi mbili tatu na goti bovu. Gyöngyi, bintiyo, alishindwa kuvumilia; akamweleza yote, macho yakiwa kwenye sahani.

Hajnalka akaweka kijiko chini. "Shangazi Etelka alikuwa anabeba hilo? Alama yangu niliiona. Ilikuwa nje kwa kiganja kizima. Nilibisha kwa sababu mlikuwa mnanishangilia, nikaona aibu kushindwa mbele yenu."

"Mbona hukusema?" Baba akauliza.

"Nani aliniuliza, mzee? Mimi nilidhani amenichukia kwa kuwa nilibisha kwa uongo. Ndiyo maana sikukanyaga hapa miaka yote hiyo."

Baba akainuka, akauchukua ufagio wako ukutani, akaenda uwanjani peke yake. Alifagia sehemu moja tu, pale kwenye mstari uliposimama siku ile. Aliporudi akampa Hajnalka chupa ya mwisho ya jamu uliyoipika kwa mkono wako.

Unakumbukwa na mumeo Dezső, bintiyo Gyöngyi na mumewe Barnabás, wajukuu zako Emőke na Vince, na Hajnalka, ambaye ameomba jina lake liwe hapa. Tutakuwa nawe mioyoni siku zetu zote.

Pumzika sasa, Mama. Mpira ulikuwa nje.