Mkono Alioutunza Babu Lonnie

Jumatatu, 5 Mei
Mteja mpya wa kuuguza nyumbani kwake, huku ughaibuni, Gaithersburg. Babu Lonnie, kafiwa na mkewe, magoti mabovu. Nimempa mkono wa salamu – akanipa wa kushoto! Mimi, mtoto wa Lamu, nisalimiwe kwa mkono wa chooni! Nimemeza tu.

Jumanne, 6 Mei
Kushoto tena. Chai kushoto, mlango kushoto. Wa kulia umelala mapajani kama mgeni wa heshima. Nilidhani kiharusi – wapi! Vidole vizima. Basi ni dharau. Nimemwambia mume wangu nataka kubadilishiwa mteja.
“Kwani aitwaje?”
Nikamtajia. Fahmi karuka kwenye kochi. “Lonnie Tibbs? Wewe! Wamjua ni nani huyo?”
Kanitafutia video ya zamani, haina hata rangi. Mrushaji wa besiboli! Guu juu, mkono wa kulia nyuma – halafu sikuona kitu. Mwenye gongo anazungusha, mpira ushafika kitambo. Subhanallah. Na mimi asubuhi nilimvalisha soksi!

Alhamisi, 8 Mei
Nimemuuliza Babu. Kumbe tangu ujana mkono huo hausalimii mtu, haubebi sanduku, haufungui hata chupa. Mkewe ndiye aliyebeba mizigo. Kisha siku moja bega likalia katikati ya mchezo, na hakurudi uwanjani tena. Mimi sijazaliwa! Sasa autunzia nini? Kasema huenda wakamwita tena uwanjani.
Nilitaka kucheka. Lakini wamemwita! Kesho kutwa unafunguliwa uwanja wa watoto, Upper Marlboro, arushe mpira wa kwanza. Binti yake hataki, anasema bega litachomoka. Babu haogopi bega. Anaogopa mpira usifike.

Ijumaa, 9 Mei
Nimelikanda bega kwa mafuta ya nazi. Kaniruhusu niuguse na mkono wenyewe! Niliushika kama nimepakatishwa mtoto mchanga.

Jumamosi, 10 Mei
Naandika benchini, mwandiko hausomeki. Wamemchorea mstari wa kurushia karibu, kwa huruma. Kaupita! Kapanda kwa fimbo mpaka kwenye kile kituta wanaposimama warushaji. Mbali! Binti yake kafumba macho. Ya Rabi, ufike.
Mbona harushi? Mpira kauhamishia kushoto. Anaita – ananiita mimi! Niende pale, mbele ya watu wote?
Kaninyooshea mkono wa salamu. Wa kulia –