Ng'ombe wa Baba Kwenye Tamthilia

Dar es Salaam, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima.

Nimesikia umemwambia shangazi mimi ni fundi wa TV. Siyo mbali sana. Mimi ni mkuu wa vipindi: naamua nchi itazame nini ikimaliza kula. Kazi ni ileile ya kibanda cha video pale Mwigobero, nilipokuwaga nawatafsiria wavuvi sinema nisizozielewa. Siku hizi sizielewi nikiwa kwenye kiti kinachozunguka.

Juzi nililetewa tamthilia ya kwetu Mara. Mahari inapelekwa, na ng'ombe wenyewe wamekodiwa kwenye shamba la maziwa huku pwani: wanene, hawana pembe, masikioni wana hereni za namba.

"Ng'ombe si ng'ombe tu, bosi?" akasema mwongozaji.

"Wapeleke hao Bunda uone kama utapewa hata kuku," nikamjibu.

Mwenye kituo chetu cha TV akanigeukia. "Basi tafuta wa kweli. Ukiwakosa, tamthilia tunaitupa, na wewe utasoma hali ya hewa."

Mdomo ukanitangulia, mama. Nikasema baba anao, na ameshakubali.

Baba hajui lolote. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tunafika Jumamosi na kamera. Ng'ombe wataswagwa kutoka zizini hadi kwa jirani, wapigwe picha, warudi wote siku hiyohiyo. Mwambie taratibu, akishashiba. Najua atasema, "Tangu lini ng'ombe zangu zinaendaga kuoa mimi nimekaa?" Mjibu kwamba yeye ndiye atakayetangulia, na fimbo yake. Hapo atauliza avae koti gani, nasi tutakuwa tumepona.

Majirani nao waambie mapema kuwa ni maigizo. Mtu wa miaka arobaini asiye na mke kama mimi, ng'ombe wa kwao wakionekana njiani, vigelegele vitaanza kabla hatujawasha kamera.

Nisalimie shangazi wa Kabasa, asipike chochote. Na kaka mkubwa, asiuze hata ndama mmoja wiki hii.

Binti anayeigiza bibi harusi ni wa Butiama. Nimemwomba afike Ijumaa, azoee mazingira. Mazingira ni hapo nyumbani. Baba akianza kumuuliza ukoo wake, usimkatize.

Ni mimi mwanao,
Wambura