Kushusha Pikapu ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Chini ya pikapu tangu asubuhi. Kutu imeniingia jichoni, jicho limevimba. Nimefungua springi za nyuma, zile za mapleti, nazo hazikutaka kutoka. Mgongo unauma palepale pa siku zote.

Wiki iliyopita nilijaribu njia ya mkato. Nikapandisha ekseli juu ya springi. Gari likashuka kweli, lakini kila tuta la hapa Kitaji ekseli inagonga chasisi. Baba akasema gari la namna hiyo asingelipakia hata pumba. Miaka thelathini dereva wa malori, hafichi maneno.

Yote haya ni kwa ajili yake. Alikatwa mguu Januari, sukari. Anakaa kwangu. Shangazi, dada yake mkubwa, yuko Butiama, haoni, hawezi kusafiri, na kila Jumapili anapiga simu kwamba anataka kumshika mkono ndugu yake kabla hajafa. Baba anataka kwenda kuliko kitu chochote. Ila amekataa kubebwa mbele ya watu wa kwao. Atapanda garini na kushuka kwa kiti chake cha magurudumu, mwenyewe, la sivyo haendi. Sasa bodi ya nyuma lazima iwe karibu na ardhi, ubao wa kupandia usiwe mlima. Na mwenye gereji ni mimi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamua. Linki, fimbo za chuma zinazoshika ekseli kwenye chasisi.

Baluni za hewa nimeziacha. Zinashusha gari na kulipandisha vizuri, lakini zikitoboka njiani unalala hapo. Linki tatu na fimbo ya kukingama ni kazi ndogo zaidi. Tatizo gari likizama ekseli inasogea pembeni, na kati ya tairi na bodi nina nafasi ya kidole kimoja. Kwa hiyo linki nne. Mbili ndefu chini, zimenyooka kwenda mbele. Mbili fupi juu, zimetanuka mkao wa V, ndizo zitakazozuia ekseli isiyumbe. Juu yake springi za koili za basi dogo, ngumu, za kubeba mzigo.

Baba alikaa mlangoni na blanketi lake magotini akitoa amri. Nimechoka kuamrishwa. Bado nisingependa anyamaze.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekata chasisi juu ya ekseli na kuchomelea daraja la chuma, ekseli ipate nafasi ya kupanda. Kisha mabano manane ya kushikia linki. Basi kwa leo.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilipokuwa.

Bolti za linki hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Bushi za mpira zinajinyonga, gari linakuwa gumu na bushi zinakufa mapema. Unakaza gari likiwa chini, limebeba uzito litakaobeba siku zote. Nikaazima kwa jirani gunia la mahindi, kilo mia. Baba ni gunia moja. Nyumbani tulisema hivyo tangu utoto, maana enzi za malori ya pamba kule Bunda alikuwa na uzito wa gunia, na akilibeba peke yake na makuli wanamtazama. Nikaliweka gunia kwenye kiti chake cha magurudumu, nikakaza, nikachora alama ya rangi nyeupe ubavuni mwa bodi, usawa wa juu ya tairi, pale ilipotulia.

Nikaenda nalo Bunda na kurudi. Matuta yote nilipita polepole, tumbo la gari halikugusa. Gunia halikuhama hata kidogo. Nilifurahi. Naandika kwa sababu haitokei mara nyingi.

Jumanne, 11 Juni

Baba alipanda ubao mwenyewe. Mdogo wangu Magesa alisimama pembeni, mikono nyuma, kama alivyoamriwa. Nilitaka kupiga makofi, nikajizuia.

Hatukufika hata Makutano. Gari lilimrusha. Tuta dogo, anaruka. Shimo dogo, anaruka. Nilimwona kwenye kioo ameshika vyuma kwa mikono miwili, macho amefumba. Hakulalamika. Tulipogeuza, bandeji ilikuwa na damu.

Alisema, "Umefanya kazi nzuri, Mama. Mwambieni dada anisamehe." Mama ananiita kwa sababu nina jina la mama yake. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Nina hasira tangu nimeamka. Nimekagua kila bushi. Hakuna kosa. Nikarudisha gunia, nikazunguka mtaa. Laini. Nikambembeleza Baba apande tena, gari limesimama tu. Akapanda. Alama nyeupe ikabaki juu ya tairi, vidole viwili zaidi. Bodi haikushuka.

Magesa alimrudisha ndani, akatoka, akalitazama lile gunia.

"Hili la nini?"

"Ndiye Baba."

Hakucheka. "Nyamisi, siku hizi Baba nambebaga huku naongea na simu. Kliniki walimpima hamsini na mbili. We ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Mimi ni binti. Kumwogesha Baba, kumbeba, kumbadilisha nguo ni kazi ya mtoto wa kiume, na hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Tangu Januari sijamgusa zaidi ya kumpokea sahani. Namwona kichwa kilekile kikubwa, sauti ileile, na blanketi. Koili nimezichagua kwa ajili ya mtu wa miaka ile.

Nisijidanganye, mila siyo yote. Nilijificha. Ukiwa chini ya gari hakuna anayekuuliza kama umemwangalia baba yako. Naona aibu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata koili laini za teksi iliyokufa. Nimelegeza bolti zote nane na kurudisha gari chini. Gunia nimelirudisha kwa mwenyewe.

Nikamwomba Baba akae juu nikiwa nakaza. Mwenyewe, si kitu kingine. Alikaa karibu saa nzima juani, akikohoa juu ya kichwa changu. Kwenye bolti ya mwisho nikamwambia asitikisike. Akasema, "Hata nikitaka, Mama, nitamtikisa nani?" Nililia kidogo. Chini huko haionekani.

Nimechora alama mpya juu ya ile ya kwanza. Ya kwanza sikuifuta.

Jumapili, 16 Juni

Butiama, na kurudi. Gari lilitulia. Makutano Baba aligonga kioo anataka ndizi, akala mbili, akaendelea kumkosoa kila dereva tuliyepishana naye.

Alishuka ubao mwenyewe. Ndugu walisimama kumtazama, kifua amekitoa. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa ule ua. Udongo umekanyagwa na ng'ombe, laini kama unga. Magurudumu yakazama hatua nane kutoka mlangoni, na Shangazi amekaa pale kizingitini, mkono ameshaunyoosha.

Magesa akasogea. Baba akamzuia kwa kiganja.

"Wewe unanibebaga kila siku. Leo huyu."

Watu walitazamana. Mimi pia nilisita. Kisha nikapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya paja, nikamwinua. Mifupa, koti, joto. Ananukia sabuni ya Magesa. Nilitembea polepole, si kwa sababu ya uzito.

Shangazi alimshika mkono na hakuuachia hadi chai ikapoa. Mimi nilikwenda kukagua bolti. Zote zimekaa.

Wakati wa kuondoka Magesa hakusogea. Nilimbeba tena mimi.