Kofia ya abiria

Jumatatu, 3 Machi
Chai, kompyuta, barabara ya Muhima. Tena. Kwenye skrini kila kitu kinapanda kilima bila shida: mabasi, malori, pikipiki, watu wanaovuka. Hakuna foleni. Nachungulia dirishani, foleni imeshuka hadi Nyabugogo, chini kabisa ya kilima. Modeli yangu ya msongamano wa magari inanidanganya bila aibu.

Jumanne, 4 Machi
Bosi wangu, mzee Gatera, Jumatatu ijayo anapeleka pendekezo Kacyiru, kwenye ofisi za serikali: kijiwe cha pikipiki cha Muhima kiondolewe. Anasema ndicho kinachoziba barabara. Nikiwa na jibu bora nilete, ila kwanza modeli ilingane na barabara yenyewe. Binamu yangu Innocent anabeba abiria kijiweni hapo. Watoto wake wanakula kwa kijiwe hicho. Sijamwambia. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha mwendo wa mabasi, taa, mwinuko. Bure. Kompyuta inasema pikipiki hazina kosa. Natamani sana kuiamini, ndiyo maana siiamini. Gatera kaniuliza kama namtetea ndugu yangu. Nimekasirika. Zaidi kwa sababu sijui.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechelewa kikao, nikakimbilia pikipiki ya Innocent. Akanipa kofia. Nimesuka juzi, kofia haiingii. Ikaingia, mkanda ukagoma. Basi nyuma yetu likapiga honi.
"Dada, funga muzuri. Polisi iko pale juu. Bila kofia siendi."
Nikageuka. Basi, lori, magari, wote wananisubiri mimi na mkanda wangu. Kwenye modeli abiria anatua kwenye pikipiki kama nzi na safari inaanza. Mji mzima hakuna anayeondoka bila kofia, na mimi mtaalamu nimeisahau!

Jumamosi, 8 Machi
Nimeingiza muda wa kuvaa kofia. Foleni ikatokea kwenye skrini, pale pale, hadi Nyabugogo. Nikapiga makofi peke yangu. Modeli sasa inasema kweli, na kweli ni kwamba Gatera hajakosea. Pikipiki zinaziba njia. Nimelia kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Misa. Mwili kanisani, akili Muhima. Katikati ya mahubiri nikajiuliza: shida ni pikipiki, au ni mahali pa kuvalia kofia? Zinasimama barabarani kwa sababu hazina pengine pa kusimama. Mchana nimehamishia kijiwe, kwenye skrini, kwenye kiwanja kitupu kando ya kituo cha basi. Njia ikafunguka. Nimerudia na kurudia. Ikafunguka kila mara.

Jumatatu, 10 Machi
Gatera ametazama skrini, akataka nirudie. "Sawa. Tujaribu wiki moja. Ikikwama, tunaondoa." Jioni nimemweleza Innocent yote. Kumbe kijiweni walishasikia. Naye alikuwa ananificha hofu yake.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Madereva wa pikipiki wamekiacha kiwanja, wamerudi barabarani kwa mazoea, foleni ikarudi nao. Nimechukia watu wote. Innocent amewasihi mmoja mmoja warudi kiwanjani. Wamerudi.

Jumanne, 18 Machi
Wiki imeisha. Kijiwe kinabaki, kiwanjani. Foleni bado ipo ila haifiki chini. Watu wanaovuka bado wanaishinda kompyuta yangu.
Asubuhi nimepanda pikipiki ya Innocent, kiwanjani. Akanipa kofia. Mkanda ukagoma kama kawaida yake. Nimeufunga taratibu. Mabasi yakapita. Hakuna aliyepiga honi.